Saini ya Shangazi Lempi

Chicago, 2 Oktoba 2017

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na bibi naye mzima, na ule mguu wake umepungua kuvimba. Mimi sijambo. Huku baridi imeanza, lakini ni baridi ya kitoto, watu wanavaa makoti mazito mpaka nawaonea haya. Baba alinipigia simu wiki iliyopita akaniambia mnakata kuni za msimu. Akasema hayo tu, kisha akakata simu. Mwambie nilifurahi kuzungumza naye.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu barua pepe unazifungua mara moja kwa mwezi, na kwenye simu unajibu kama mtu anayetozwa kwa kila neno.

Sasa shida yangu. Uko mfuko mmoja hapa, Mfuko wa Winifred Stroud, unaowalipia ada wanafunzi wa sheria ambao ni wapenzi wa jinsia moja au waliobadili jinsia. Kila mwaka wanachukua wanne na kuwalipia mpaka wamalize. Mwaka wa kwanza niliulipa kwa akiba yangu, huu wa pili nausukuma kwa kazi ya baa, na wa tatu hauna mwenyewe. Nikiukosa mfuko huu, Mei nafungasha virago.

Ungewaona wenzangu wanaoomba, shangazi! Tulikutana kumi na wawili kwenye kikao cha kuelekezwa namna ya kujaza fomu, na kila mmoja kaja na kidonda chake kakipaka mafuta king'ae. Yupo mmoja ambaye baba yake ni daktari wa meno, kwao kuna bwawa la kuogelea, na analia kwamba mama yake alichelewa siku tatu kumpongeza alipojitangaza. Siku tatu! Kaziandikia kurasa mbili. Na mwelekezaji mwenyewe alituambia bila haya kwamba kamati inapenda mateso ya nyumbani, asiye nayo asijisumbue.

Fomu inataka ndugu mmoja athibitishe kwa saini kwamba yaliyomo kwenye insha ni kweli. Nimekuchagua wewe. Karatasi ya saini iko humu. Insha yenyewe bado naichonga, wewe saini kwanza, uirudishe kabla ya tarehe kumi Novemba.

Mwanao,
Garrett


Kivela, Michigan, 14 Oktoba 2017

Garrett,

Barua imefika na sisi hatujambo. Mguu wa bibi yako umepungua, mdomo haujapungua. Jumapili alimwambia mchungaji mbele ya watu kwamba mahubiri yake ni kama kahawa ya kanisani, maji ya moto yaliyoonyeshwa kahawa kwa mbali. Baba yako anasubiri msimu wa kuwinda kulungu, na mpaka ufike hana neno na mtu. Theluji ya kwanza ilianguka Jumanne. Nimeoka mkate wa iliki, bibi yako kasema ni mkavu, kala vipande vinne.

Sasa hiyo karatasi yako. Nimekaa mahakamani miaka thelathini na minne nikiandika kwa hatimkato kila lililosemwa mbele ya jaji. Nimeandika uongo wa madaktari, wa polisi, wa wajane waliovaa nyeusi iliyonunuliwa asubuhi ile. Kuamua haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kuandika neno kama lilivyotoka, na mwishoni kuweka saini kwamba ndivyo lilivyotoka. Saini hiyo sijapata kuiweka chini ya kitu nisichokisoma. Leo mwanafunzi wa sheria, damu yangu, ananiambia nisaini kwanza nisome baadaye! Huko chuoni wanawafundisha nini, kufunga tai?

Leta insha. Nikiisoma nikaona ni kweli, nitasaini siku hiyohiyo. Karatasi yako nimeihifadhi ndani ya Biblia ya mama, mahali ambapo haitasumbuliwa na mtu.

Na huyo mwenzako wa bwawa la kuogelea mwache na bwawa lake. Mimi na Darlene tuliishi nyumba moja miaka ishirini na sita mpaka nikamzika, na hadi leo wanawake wa kanisani wanamwita "yule mpangaji wa Lempi." Sijaandika kurasa mbili.

Shangazi yako,
Lempi


Chicago, 27 Novemba 2017

Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Mitihani imenikaba koo. Heri ya sikukuu ya shukrani iliyopita. Nilikula bata mzinga wa dukani na Wabrazili wawili wa chumba cha jirani, na alikuwa mkavu kuliko mkate wako.

Kuhusu ile karatasi, usijisumbue tena. Mambo yamekaa sawa. Maombi yamekwenda.

Baba kapata kulungu?

Garrett


Kivela, 9 Januari 2018

Garrett,

Baba yako alipata kulungu dume, mkubwa, na nyama yako iko kwenye friji ikikusubiri. Bibi yako alikohoa Krismasi nzima lakini hakuacha kutoa amri. Theluji imefika madirishani. Hizo ndizo habari za nyumbani, nimezimaliza.

Jana nilipokea barua ya Mfuko wa Winifred Stroud. Karatasi nzito, herufi za dhahabu. Wananishukuru kwa "ujasiri wa ushuhuda" wangu. Wanasema kwa sababu yake umeingia kwenye wanane wa mwisho, na watakuhoji tarehe 31. Wameambatanisha nakala ya insha pamoja na saini yangu chini yake, iwe kumbukumbu yangu.

Mimi kumbukumbu najua kuzitunza. Hii hapa, neno kwa neno:

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Jumamosi moja ya Januari nilikwenda sauna, kile kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, taulo begani, kama kila Jumamosi ya maisha yangu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Sauti ya babu yangu ikasema: Wewe utaingia mwisho, baada ya wote. Niliketi kwenye ngazi yenye barafu mpaka walipotoka mmoja mmoja bila kunitazama. Nikaingia peke yangu kwenye mvuke uliopoa na maji waliyobakisha. Tangu siku hiyo sikuoga tena na watu wangu."

Ngazi hiyo naijua. Naijua kwa makalio, Garrett. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, mwaka wa 1979, wiki niliyowaambia kwamba napenda wanawake, na waliotoka mle walikuwa watu wangu mimi. Nilikusimulia mara moja tu, jikoni kwangu, siku uliyokuja kunieleza habari zako. Nilikusimulia ili usijione uko peke yako duniani. Darlene mwenyewe hakuisikia yote. Wewe umeichukua, ukaifuta jina langu, ukaenda nayo mnadani.

Na hata kuiba hujui. Ulipokuwa na miaka kumi na saba, babu yako alikuwa na miaka minne kaburini. Alikusemesha kutoka wapi? Mwizi wa kuku anapanga vizuri kuliko wewe.

Nikukumbushe yako ilivyokuwa, maana naona umeisahau. Ulimwambia baba yako uani, mbele yangu. Akasema, "Haya." Kisha akasema, "Gari lako halina matairi ya theluji." Akaenda kukufungia, yote manne, kwa mikono mitupu, kwa sababu ulikuwa unarudi chuoni siku ileile. Hayo ndiyo mateso yako. Mtu huyo sasa kamati nzima inamjua kama baba aliyekaa kimya mwanawe akigandishwa nje.

Karatasi yako bado iko kwenye Biblia, basi ulichapa nyingine; saini umeiiga vizuri, hilo nakupa. Ile L yangu imepinda inavyotakiwa. Lazima ulifanya mazoezi.

Nakupa mpaka siku ya mahojiano. Waambie mwenyewe. Usipowaambia, tarehe moja Februari nitawaandikia mimi, kwa taipu, na kila nukta itakuwa mahali pake. Unajua vizuri mtu aliyeghushi saini anavyoulizwa siku ya kuomba kuapishwa uwakili. Mimi nimewaandika hao pia.

Lempi


Chicago, 22 Januari 2018

Shangazi,

Natumaini kikohozi cha bibi kimepoa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimeona jinsi unavyofurahia kuniandikia hivyo. Hukumu umeipenda, shangazi. Miaka thelathini na minne umekaa chini ya jaji unaandika, leo umepanda kitini.

Ndiyo, nimesaini. Ndiyo, hadithi ni yako. Basi nikuulize, wewe umeifanyia nini? Umeiweka chini ya nyumba pamoja na chupa za matango ya siki, miaka karibu arobaini, kila mwaka unafuta vumbi. Hukumwambia mtu. Hukumdai mtu. Kila Jumamosi ulikwenda ukakaa kwenye ngazi ileile ukingoja zamu ya mwisho kama mbwa mwenye adabu, na leo umerudi kuishi nyumba ileile unawapikia. Mimi angalau nimeitoa nje ikafanya kazi. Ingenipa uwakili. Ningewatetea watu kumi, mia, wanaofungiwa milango. Lakini wewe unataka ibaki yako tu, ikuoze vizuri.

Na usinihubirie ukweli. Yule wa bwawa la kuogelea naye kaingia kwenye wanane. Siku zake tatu za kungoja pongezi zimekuwa miezi mitatu. Hakuna shangazi aliyempigia kelele.

Kuhusu babu, babu amekufa. Marehemu hashtaki na haumii. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Baba hata hatajua huo mfuko unaitwaje. Nani ameumia, niambie?

Sitawaambia. Andika ukitaka. Utaniondoa chuoni kwa mkono wako, halafu Jumamosi ukaoge.

Garrett


Kivela, 26 Januari 2018

Garrett,

Bibi yako hajambo, anakohoa kidogo asubuhi.

Hakuwa babu yako. Maneno yale yaliposemwa, wanaume walikuwa hawajafika hata uani. Katika nyumba hii wanawake ndio wanaotangulia sauna, nawe uliyekulia humu ungejua, kama ulipokuwa unaiba ungetulia ukafikiri. Babu yako alitoka mwisho, baada ya zamu ya wanaume, akaniona bado nipo pale kwenye ngazi, akanivika koti lake, akaenda zake nyumbani. Ndiye mtu pekee siku ile aliyenitazama usoni. Ndiye uliyemchagua.

Aliyesema maneno yale simtaji.

Zimebaki siku tano.

Lempi


Chicago, 18 Machi 2018

Shangazi,

Sikujua nianze vipi, ndiyo maana nimekaa majuma saba. Natumaini nyote wazima. Theluji huku imekwisha, barabara zimebaki na tope jeusi. Nauliza hali ya bibi kwa moyo wote, si kwa desturi ya barua.

Nilikwenda kwenye mahojiano. Barua yako fupi ilifika siku moja kabla. Niliiweka mfukoni sijui kwa nini, nilikuwa nimeshaamua kusema uongo wangu mpaka mwisho. Walikuwa watu watatu, mawakili wawili na jaji mmoja mstaafu, mama mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi kama zako. Akasema kabla ya maswali angependa kusoma sehemu ya insha yangu kwa sauti. Akasoma ile ya ngazi. Alipofika kwenye "bila kunitazama," sauti ikamkatika. Akavua miwani, akaniomba radhi. Yeye aliniomba radhi mimi!

Nilijidharau siku nyingine, shangazi, lakini zote zilikuwa mazoezi ya ile. Nikasema, "Hiyo si yangu. Ni ya shangazi yangu. Na hiyo saini si yake, ni yangu."

Wale mawakili wakaanza kutazamana. Yeye akavaa miwani yake, akaniangalia kama unavyoangalia kitu ulichokikanyaga.

"Na yako ni ipi?" akauliza.

"Baba yangu alinifungia matairi."

"Kumbe ulikuwa na hiyo ukaiacha nyumbani," akasema. "Pumbavu." Nadhani majaji wastaafu wanaruhusiwa. Kisha akauliza shangazi yangu ameomba nini kwao. Nikasema hajaomba chochote, hata insha aliisoma walipomtumia wao. Akasema, "Basi ndiye mtu pekee mwaka huu," akalifunga faili.

Walinitaka nijipeleke mwenyewe kwa mkuu wa kitivo, nikajipeleka. Wamenipa barua ya karipio, itakaa kwenye faili langu, na siku ya kuomba uwakili nitaieleza mbele ya watu. Hawakunifukuza. Lakini ada ya mwaka wa tatu sina, kwa hiyo ni kitu kilekile. Nafasi yangu wataishikilia mwaka mmoja. Yule wa bwawa la kuogelea kachaguliwa. Kwenye picha kashika ua.

Mei narudi, kama mtanipokea. Yale niliyokuandikia kuhusu mbwa mwenye adabu, sina namna ya kuyafuta, wewe hufuti kumbukumbu. Naomba uandike chini yake kwamba niliyasema nikijua ni uongo.

Sitakuuliza ni nani aliyesema. Nadhani najua. Babu alitoka na wanaume. Ndani walikuwa wanawake.

Mwanao,
Garrett


Kivela, 8 Aprili 2018

Garrett,

Tuko wazima. Barafu ya ziwa imeanza kupasuka, usiku na mchana inalia. Baba yako nimempa barua yako ya Machi, yote, maana nimechoka kuwa ghala la watu. Aliisoma amesimama. Akasema, "Haya." Kisha akaenda kupaka rangi chumba chako. Kachagua kijani kibaya sana, nawe utasema ni kizuri.

Masijala ya mahakama inatafuta mtu wa kupanga mafaili. Mshahara wake ni matusi, na karani mkuu ni mjinga ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha, bila mafanikio. Nimemwambia utaanza Juni. Mwaka ujao kuna mifuko mingine, utaomba. Utaandika yako, nitaisoma, na nikiikubali nitasaini kwa mkono wangu. Usipoteze wino kuomba msamaha kwa mistari ya kupendeza. Uliyoniambia nimeyaweka kama yalivyotoka, na ulilosema mbele ya wale watatu nimeliweka chini yake. Yote mawili yatabaki.

Jambo moja zaidi, halafu nakunja karatasi.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mama sauna, kama ninavyofanya kila Jumamosi tangu nyonga yake ilipovunjika. Ndiyo, ni yeye. Umekisia sawa. Nilimkalisha kwenye benchi la chini, nikamwaga maji kwenye mawe, nikaanza kumsugua mabega. Akaniuliza, "Barua za Garrett zina nini? Kila ikija unanuna kama umemeza ndimu."

Nikamwambia uliandika insha.

"Nisomee."

"Mtu hasomi karatasi ndani ya sauna, mama."

"Wewe una kichwa cha mashine. Nisomee kwa kichwa."

Basi nikamsomea. Neno kwa neno, ile ya ngazi. Mahali pa babu nikasema "sauti" tu. Miaka thelathini na tisa nilikuwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga, najua hata pa kuvuta pumzi. Nikamaliza, nikangoja.

Maji yakaacha kuchemka kwenye mawe. Halafu akapiga benchi kwa kiganja.

"Nani huyo?" akasema. "Nani kamfanyia mtoto wetu hivyo?"

"Mtu wa nyumbani, mama."

"Nyumbani kwa nani? Kumfungia mtoto mlango wa sauna, Januari! Umkalishe kwenye barafu, umpe maji ya mabaki! Mshenzi gani huyo? Mimi nimefuga mbwa miaka themanini sijapata kumfanyia mbwa hivyo. Nitajie jina lake, Lempi. Nitajie, nikamtemee mate."

Nilimtazama usoni. Sijui kama amesahau, au amejisahaulisha, au alikuwa ananijibu. Mama hajapata kusomeka kwa urahisi. Kitambaa kilikuwa kimemwanguka, mifupa ya shingo imetoka, na macho yalikuwa makavu na makali kama ya siku zote.

Nikamwambia, "Ameshazeeka, mama. Inama nikusugue mgongo."

Akainama.

Shangazi yako,
Lempi